Faundesheni ya stiki, dakika tano kabla boda ifike

Ukitaka kujua kama umejipaka faundesheni kupita kiasi, angalia ndani ya helmeti ya boda ukishaivua. Mi hutoka Manyatta, hapa Kisumu, kwenda tauni karibu kila siku, na kuna kipindi nilikuwa nashuka nje ya kazi narudisha helmeti ikiwa na alama ya paji langu la uso, brauni kabisa, kama muhuri wa chifu. Jamaa wa boda alikuwa anaangalia tu ananyamaza. Siku moja akashindwa, akaniuliza, "Madam, hii ni yako ama ni ya kastoma mwenye alitangulia?" Nililipa nikaenda, ata chenji sikungoja.

Stiki yenyewe haikuwa na makosa. Ni mimi nilikuwa najichora kama fundi amepewa kandarasi ya ukuta, mistari mitatu kwa paji la uso, mitatu kila shavu, mmoja juu ya pua, kidevu, alafu naanza kusugua mpaka nakuwa rangi moja kuanzia sikio hadi sikio, hauoni wapi shavu limeishia wapi pua imeanzia. Saa hii natumia stiki aina ile ile, dakika tano, uji ukiwa kwa moto, na watu kazini huniambia "leo umelala vizuri eh". Hakuna mwenye huniuliza nimepaka nini. Hiyo ndio nataka nikuonyeshe, vile unapaka kidogo, mahali penye pana shida peke yake, na bado ikae na hili joto letu la ziwa.

Kwani stiki ni nini

Ni nta, mafuta na unga wa rangi, vimeyeyushwa pamoja vikamwagwa kwa umbo kama la lipstiki. Maji huwa hakuna, ama ni kidogo sana. Kwa hivyo mambo mawili: rangi imejaa humo ndani kuliko ile ya chupa, na joto ndilo huifungua. Ukiyashika hayo mawili utaelewa kila kitu kingine nitasema hapa, kwa nini unachukua kidogo, kwa nini kidole kinashinda brashi, na kwa nini haukai na stiki kwa dashibodi ya gari.

Hizi vitu zilitoka kwa mambo ya sinema. Kampuni ya Max Factor walikuwa wanauza Pan-Stik, stiki yao, kule Marekani tangu miaka ya 1940, na vipodozi vyao vilianza kwa waigizaji, watu wa kusimama mbele ya kamera na mataa makali, wanataka kufunikwa kabisa. Wewe hauendi kwa mataa. Unaenda kufungua duka, ama kufundisha Gredi 4, ama kukaa kwa kaunta unasalimia watu, na mwenye kukuangalia amesimama mita moja mbele yako mchana kweupe. Kwa hivyo kitu kilichotengenezwa kufunika sana ni wewe sasa ukipunguze.

Rangi: usikate shauri ndani ya duka

Hapa ndio pesa ya watu wengi huangukia mtaroni, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Stiki yangu ya kwanza nilinunua ndani ya duka lenye mataa meupe yale ya kung'aa, dada wa duka akanipaka nyuma ya mkono, akasema "mrembo, hii ni yako kabisa", na mimi nani nikatae kuitwa mrembo. Jumapili kanisani binamu yangu akanikalia karibu, akaniangalia, akainama kwa sikio langu: "Uso umefika lakini shingo bado iko njiani." Nilifunga leso shingoni ibada yote.

Nyuma ya mkono si uso. Mkono umepigwa na jua vyake na uso vyake. Jaribu kwa taya, chora mistari mitatu ya rangi tatu zenye zinakaribiana, ukianzia chini ya shavu ushuke hadi kidogo ya shingo. Alafu toka nje. Kama uko pale Oginga Odinga Street maduka mengi yana veranda, simama kwa kivuli cha veranda, si kwa jua lenyewe, toa simu, kamera ya mbele, bila filta. Ule mstari umepotea hauuoni ndio wako. Ule unauona, hata kama ni kidogo tu, si wako, hata kama dada wa duka ataapa kwa jina la mamake.

Na hata huo wenye umepotea usiununue hapo hapo. Kuna rangi zikishakaa na mafuta ya ngozi yako na hewa zinageuka, zinakolea, zingine zinakuwa za machungwa. Enda Jubilee ununue nyanya zako na omena, zunguka nusu saa hivi, rudi uangalie tena. Hakuna mtu atakushangaa na mistari kwa taya, na akishangaa ni shida yake.

Sisi wenye ngozi nyeusi uso hauna rangi moja. Paji la uso na pembeni ya mdomo huwa nyeusi zaidi, katikati ya mashavu ni peupe kidogo. Hiyo ni kawaida na ndiyo inafanya uso ukae uso. Chagua yenye inafanana na taya na shingo, usifuate pale mashavuni peupe. Ukikwama kati ya mbili chukua yenye nyeusi kidogo, maanake ikizidi weusi itaonekana tu kama jua limekupiga, lakini ikizidi weupe kila mtu ataona, ata kondakta.

Alafu kuna ile rangi ya ndani. Watu wawili wanaweza kuwa weusi sawa sawa, ukiwasimamisha pamoja mmoja weusi wake una wekundu ndani, mwingine una manjano, mwingine haueleweki uko katikati. Ukijipaka stiki yenye kina chake ni sawa lakini unakaa kijivu, kama mtu ametoka kuzoa majivu jikoni, hiyo haina joto la kutosha kwa ngozi yako, tafuta yenye ina wekundu ama manjano zaidi. Ukikaa kama karoti, imezidi upande ule mwingine. Usiongeze poda kujaribu kurekebisha. Haitakubali.

Zamani hakukuwa na kuchagua. Iman, yule mwanamitindo Msomali, alionekana Nairobi mwaka wa 1975 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akapelekwa New York, na amesimulia mara nyingi vile siku zake za kwanza kule mtu wa mekapu alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe. Ati ujiletee, kama mgeni wa mazishi amekuja na sahani yake. Akawa anajichanganyia mpaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi. Fenty, vipodozi vya Rihanna, wakatokea 2017 na rangi 40 siku moja, na hapa kwetu kukatokea SuzieBeauty, ile Suzie Wokabi alianzisha. Kwa hivyo ukiambiwa dukani "rangi yako hakuna lakini hii inakaribia", sema asante uendelee na safari.

Jambo la mwisho la kununua. Soko la Kibuye Jumapili mi hupenda sana, viatu na nguo natoa pale, lakini kitu cha uso sitachukua kwa mkeka juani, hata kiwe cha kampuni gani, kwa sababu nta na mafuta vikipikwa na jua wiki mzima vinaharibika na hauwezi kujua kwa kuangalia kifuniko. Angalia alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora, tarehe ya mwisho, na ile picha ndogo ya kopo limefunguliwa yenye imeandikwa 12M ama 24M, hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku umeifungua. Nusa. Ikinuka kama mafuta ya kupikia yenye yamekaa sana, rudisha. Na stiki yenye inakuahidi pia kukung'arisha ngozi uachane nayo kabisa, vipodozi vyenye zebaki ama hydroquinone vimepigwa marufuku Kenya na si bure.

Kabla ya stiki

Hapa sina mengi. Nawa uso, ukaushe kwa kugusagusa na taulo, paka losheni nyepesi ya uso. Si Vaselini. Najua tumelelewa na Vaselini, mama alikuwa anatupaka mpaka tunang'aa kama sufuria mpya tukienda shule, lakini Vaselini ni mafuta yenye hayaingii, yanakaa juu, na stiki nayo ni mafuta, sasa mafuta juu ya mafuta unangoja nini. Itateleza mpaka kidevuni kabla ufike Kondele. Kama midomo imekauka, Vaselini weka hapo.

Sanskrini ifuate, kiasi cha kujaza vidole viwili kwa urefu, ya uso na shingo. Najua stiki yako imeandikwa ina SPF, ile namba ya kinga ya jua. Haitoshi, juu ile SPF hupimwa kwa tabaka nene yenye hakuna mtu hupaka, na sisi hapa tunapaka kidogo makusudi.

Alafu ngoja. Hii ndio hatua watu huruka. Dakika kumi, kumi na tano. Si za kukaa ukiangalia kioo, enda uamshe watoto, koroga uji, tafuta soksi yenye imepotea. Ukirudi gusa shavu, kidole kikiteleza bado, bonyeza na tishu mara moja. Kikishika kidogo, uko tayari.

Kupaka kwenyewe

Simama karibu na dirisha. Taa ya bafu itakudanganya tu kama ya dukani.

Panguza kichwa cha stiki na tishu. Zungusha itoke kama punje moja ya hindi, usiitoe yote, hasa kukiwa na joto maana itavunjika, na ikivunjika hairudi. Sasa angalia uso wako kwanza kabla kuugusa. Uliza ni nini hasa unataka kifichwe. Kwa wengi ni pembeni ya pua, chini ya macho, pembe za mdomo, kidevu, na makovu ya chunusi. Hiyo ni labda robo ya uso. Hiyo robo ndio utapaka.

Mi sigusishi stiki moja kwa moja kwa uso kila mahali. Pembeni ya pua na kidevu naweka nukta, tap, tap, si mistari. Chini ya macho nasugua kidole kwa stiki kwanza, kidole cha tatu hiki cha pete, kwa sababu hakina nguvu kama hiki cha kunyooshea watu, na ile ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba. Na kama una chunusi zenye ziko hai, zenye usaha, stiki isizipite hata kidogo, utabeba vile vitu uvipande shavu lingine na zingine utavifungia ndani ya stiki viendelee kukungoja kesho. Kidole safi, ama kijiti cha masikio.

Fanya upande mmoja wa uso kwanza uumalize, ndio uingie wa pili. Ukiweka nukta kote alafu ukaanza kusambaza, kabla ufike ya mwisho imeshakauka na kushika hapo ilipo.

Sasa kusambaza, ama kublendi vile watu wa saluni husema. Usisugue. Kusugua kunahamisha rangi kutoka mahali unaihitaji kupeleka mahali hauihitaji, na mwishoe unaongeza nyingine, na ndio helmeti ikapata muhuri. Bonyeza. Weka kidole juu ya ile nukta uache kama sekunde moja, joto linaifungua, alafu ugonge gonge kando kando zake tu, ukielekea nje, upande wa masikio na wa nywele. Katikati ya nukta iache. Unachotaka kuua ni ule mpaka, pale rangi ya stiki inakutana na ngozi yako. Mpaka ukishapotea umemaliza hapo, toa mkono. Mkono kutoka ndio kazi ngumu kweli, kuna vile unataka kuongeza kidogo tu, na kidogo tu.

Kovu jeusi lina njia yake. Weka nukta ndogo juu ya kovu lenyewe na kijiti, hesabu mpaka thelathini bila kuligusa, ikae ishike, alafu gonga ukingoni peke yake. Ukiligonga pale katikati mara moja unaiondoa yote na utasema stiki haifuniki. Na likibaki linaonekana kidogo, wacha. Kweli wacha. Mtu akiona kovu moja kwa mbali kwa ngozi yenye inaonekana ngozi, haoni kovu, anaona uso. Akiona uso hauna hata kitone anajua kuna kitu umeweka.

Paji la uso, ukiwa mtu wa boda, acha karibu wazi. Chenye kimebaki kwa vidole ukimaliza mashavu ndio unapitisha hapo, basi. Juu ya mdomo pia, kama wewe ni wale hutoka jasho hapo, mimi ni mmoja wao, usiweke chochote, kitakusanyika kwa vile vinywele vidogo na saa nne uko na masharubu. Na shingo usiguse. Kama rangi ni yako kweli haihitaji shingo, na kola ya shati jeupe itakushukuru.

Brashi na sponji si vibaya. Brashi iwe fupi na imejaa, kugonga tu, si kupiga deki. Sponji ni lazima uiloweshe na maji uifinye vizuri kwanza, kavu inakunywa stiki yako yote, unajikuta umemaliza stiki ya miezi minne kwa miezi miwili na nusu yake imekaa ndani ya sponji. Mi vidole vinanitosha na sivilipii.

Ukimaliza rudi nyuma hatua mbili kutoka kwa kioo. Hakuna mtu atakuongelesha leo akiwa sentimita tano kutoka kwa pua yako, isipokuwa mtoto mdogo na daktari wa macho. Chenye hauoni ukiwa hatua mbili hakipo.

Mashavu, poda, na nyusi haraka haraka

Kuna sheria moja hapa ya kushika: vyenye mafuta vyote kwanza, vya unga baadaye. Ukishaweka poda alafu ukapaka kitu cha mafuta juu yake itashika vipande vipande kama matope ya barabara ya Nyalenda mvua ikiisha.

Kwa hivyo blasha yangu ni lipstiki ile ile nitapaka midomoni. Gusa na kidole, dondosha kwa shavu pale juu kidogo ya pale hucheka, gonga mpaka ipotee karibu yote. Inafanya uso uamke, na kwa sababu rangi ya midomo na ya mashavu ni moja inaonekana umezaliwa nayo.

Poda sasa. Si uso mzima tena, tumetoka huko. Pembeni ya pua, katikati ya paji la uso, kidevu, mahali penye jasho na mafuta hutokea. Chukua na pafu, ikunje, ipigepige kwa mgongo wa mkono ibaki kidogo, alafu bonyeza. Mashavu uyaache bila poda, ule mng'ao kidogo ndio unafanya ikae ngozi. Poda nyeupe ile ya kusema haina rangi uangalie nayo sana, kwa kioo hauioni lakini picha ya flashi ikipigwa, tuseme kwa harusi ama chama kimeisha mnapiga picha, unatokea na uso wa unga wa ugali. Chukua yenye ina manjano ama brauni kidogo.

Nyusi jaza pale penye pengo tu. Midomo. Maskara ukitaka, mi huweka siku za mkutano. Boda imefika.

Mchana

Kisumu ifikapo saa saba, na ule unyevu unatoka ziwani, hakuna mekapu haitikisiki. Kosa ni kukimbilia poda. Poda juu ya jasho inakuwa uji. Kwanza tishu, ama leso safi, bonyeza usipanguze, pua, paji, kidevu, usubiri kidogo, ndio poda kama bado unaihitaji, na mara nyingi hautaihitaji. Kama kuna mahali stiki imetoka kabisa, kwa kawaida ni pembeni ya pua juu ya kupenga kamasi ama miwani, rudisha nukta moja na kidole. Hiyo ndio raha ya stiki, inaingia kwa kibeti haimwagiki.

Dada yangu mkubwa yuko Nakuru na tunabishana kuhusu hili kila tukipigiana simu. Kule asubuhi ni baridi, na Januari hivi na Februari upepo ni mkavu na vumbi haliulizi, yeye shida yake si jasho, ni kukauka, stiki inashika kwa magamba kando ya pua na inakaa kama rangi ya mlango imeanza kubanduka. Kwa hivyo yeye anapaka losheni nzito zaidi, anapasha stiki joto kwa kiganja kwanza juu asubuhi inakuwa ngumu kama mshumaa, na poda hagusi kabisa. Huko ni sawa. Ukimwiga yeye ukiwa Kisumu utayeyuka. Ukiwa Kakamega ama Kisii kwenye mvua ya alasiri iko kwa ratiba karibu kama kengele ya shule, mvua ya kawaida haitoi stiki, ni mafuta, maji yanateleza juu, kile kinaitoa ni wewe kupanguza uso na mkono wa sweta. Bonyeza tu na leso.

Usiku, na vile utaitunza

Sabuni peke yake haiitoi, ndio maana foronya yako iko vile iko. Nta na mafuta hutolewa na mafuta. Mafuta ya mtoto, ya nazi, hata ile Vaselini niliyoitukana hapo juu sasa ndio saa yake. Paka kwa uso mkavu, zungusha taratibu na vidole kama dakika, utaona rangi inaachilia, panguza na kitambaa kimeloweshwa maji ya vuguvugu, ndio sasa unawe na sabuni ya uso yatoke yale mafuta pia. Kama una ngozi ya chunusi hii hatua ya pili usiiruke hata ukiwa umechoka namna gani.

Stiki ni ya mtu mmoja. Nikiwa chuo tulikuwa wanne kwa chumba kimoja na stiki moja, tulikuwa tunaiita ya ukoo, na kwa wiki mbili sote wanne tukawa na chunusi mahali pamoja, hapa kwa kidevu. Mtu akikuomba mkatie kipande kidogo na kisu safi umpe. Yako uipanguze na tishu kila ukitumia, na mara moja kwa wiki tishu yenye tone la spiriti.

Ikianza kulainika, na hapa italainika, usiiguse ikiwa hivyo. Kama una friji iweke dakika kumi imefungwa vizuri. Kama hauna, ile sehemu ya sakafu kando ya mtungi wa maji huwa na baridi siku nzima, yangu hulala hapo ndani ya kikombe cha bati. Gari, dirisha, juu ya TV, mfuko wa suruali, hapana.

Na ikifika mwisho, ile yenye imebaki ndani chini na haizunguki tena, usiitupe. Chimba na mpini wa kijiko kilichooshwa na kukauka, utie kwa kikopo kidogo safi chenye kifuniko, kile cha mafuta ya midomo iliyoisha ni sawa, ukifinye na kidole kishikane. Ya mwisho nilichimba hivyo ikanipeleka wiki tatu nzima, na ilikuwa rahisi kuchukua na kidole kuliko ilipokuwa stiki.